Kiti Kilichoshonwa kwa Waya

Mama Viti alikuwa na viti mia sita, na katika watu wote waliomjua hakuna aliyewahi kumwona amekaa zaidi ya dakika kumi. Akikaa, simu inaita. Akiinuka kuipokea, gari limefika getini. Akirudi, chai imeshapoa na nzi ameshaoga ndani yake.

"Viti ni vya wateja," alikuwa akisema. "Mimi nina miguu."

Miguu hiyo ilikuwa imepumzika mwaka mmoja kasoro siku moja, Jumamosi ile ambayo Kitinda, mtoto wake wa mwisho, alisimama katikati ya ua ameshika kitambaa kibichi, akitazama mahali palipokuwa na viti vinne. Palikuwa na maji tu. Kila kiti kilikuwa kimeacha nukta nne sakafuni, na nukta zenyewe zilikuwa zinakauka mbele ya macho yake kama watu wanaoaga.

"Toba," alisema.

Nyumba ile ilikuwa ya kukodisha viti. Viti, meza, maturubai, na masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Mtu akioa, akifiwa, akihitimu, akizaliwa, alimpigia simu Mama Viti. Alianza na viti ishirini vya plastiki vyeupe mwaka aliofiwa na mumewe, akiwa na watoto watatu na mdogo wao bado anatambaa, na kutoka hapo hakuangalia nyuma. Lakini sebuleni kwake hakukuwa na kochi hata la dawa.

"Mtu wa viti anunue makochi?" alishangaa kila alipoulizwa. "Ni sawa na kinyozi kwenda kunyolewa kwa jirani."

"Mama, kinyozi hawezi kujinyoa mwenyewe," Kitinda alimwambia siku moja.

"Ndiyo maana mimi si kinyozi."

Kwa hiyo vinne kati ya vile ishirini vya kwanza vilibaki sebuleni, kuzunguka meza ndogo. Kwa macho vilikuwa sawa kabisa na vya biashara. Ili visije vikachanganyika, Mama alinunua rangi ya kucha nyekundu, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, wala haikugusa ukucha hata mmoja. Aliandika majina chini ya kila kiti. Chini ya kimoja: BOSI. Huyo alikuwa kaka mkubwa, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alimwamuru hata paka. Chini ya kingine: MWALIMU. Huyo dada, aliyekuwa akiwachapa wanasesere wake kwa kuchelewa shule, na ambaye leo ni mwalimu kweli, mbali, mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi. Cha tatu: KITINDA. Cha nne: MAMA.

Cha Mama kilikuwa na kitu kimoja zaidi. Mgongoni kilikuwa na ufa, na ufa huo ulikuwa umeshonwa kwa waya, mishono saba, kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Mama aliufunika kwa mtandio wa kijani uliotupiwa nyuma ya kiti, usiku na mchana. Kitinda aliujua tu kwa sababu uliwahi kumkwaruza kidole akifuta vumbi. "Ni kitu cha zamani hicho," Mama alimwambia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Viti hivyo vinne Mama aliviosha mwenyewe, kila Ijumaa, pamoja na vya wateja na kwa maji yaleyale. "Mteja asikae pasafi kuliko mwanangu, na mwanangu asikae pasafi kuliko mteja." Mwaka mzima baada ya yeye kuondoka, Kitinda alikuwa akivifuta vumbi tu. Kuviosha hakuthubutu. Ila Ijumaa hii, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kumkumbuka Mama, alipiga moyo konde, akavitoa uani, akavipanga mwisho wa safu ya viti mia mbili na kimoja vilivyokuwa vinakwenda harusini. Akavipiga maji na sabuni, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akimsikiliza dada yake akilalamikia wanafunzi. Akaviacha vikauke.

Jumamosi asubuhi akaingia kuoga. Alipotoka, ua ulikuwa mtupu.

"Breki!" alipiga kelele kwenye simu. Breki alikuwa dereva wa pikapu lao, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyepata jina hilo kwa sababu gari lake halikuwa nazo za kutosha. "Umepakia viti gani?"

"Vya harusi, dada."

"Vingapi?"

"Vilivyokuwa uani. Wewe si ulisema nipakie vilivyooshwa?"

"Nilisema mia mbili na kimoja!"

"Mimi sikuvihesabu, niliviamini. Kwani vile vinne vya mwisho havikuwa vimeoshwa?"

"Vilikuwa vimeoshwa!"

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Kosa lake halikuwepo. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo: kilichooshwa kinapakiwa.

Msomaji asidhani ni mambo ya plastiki tu. Siku ya pili baada ya mazishi, Bosi akiwa ameshika begi la safari tayari kurudi ng'ambo, alimtazama mdogo wake kama mtu anayekabidhi yai kwa nyani.

"Kitinda, wewe ni mtu wa mzaha. Utaiweza nyumba hii?"

"Nyumba haina shida. Haili, hailii."

"Nakuuliza kweli."

Ndipo Kitinda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akajibu kitu bila utani. "Mwakani mkija mtakuta kila kitu mahali pake. Mtakaa palepale mlipokuwa mnakaa."

Waliahidiana hivyo wote watatu. Mwaka ukizunguka, warudi, wakae. Siku ya mazishi yenyewe hawakukaa. Walisimama kutwa wakipokea mikono ya watu. Kwa hiyo mwaka mzima Kitinda alikula chakula chake kwenye kiti chake, akitazamana na vitatu vitupu. Kuna siku alizungumza navyo. "Bosi, nisogezee chumvi." Kiti hakikusogeza. Hilo halikumshangaza sana, maana hata mwenyewe alipokuwepo alikuwa hasogezi. Lakini baada ya kucheka peke yake, sebule ilikuwa inanyamaza kuliko ilivyokuwa kabla ya kucheka, na Kitinda akajifunza kutofanya utani saa za kula.

Na sasa kesho ndiyo siku, ndugu zake wako njiani, na kiti cha Mama kiko harusini.

Alirukia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Ukumbini alikuta balaa zaidi. Viti vyote, mia mbili na vitano, vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe mpaka chini, na kila kimoja kimefungwa utepe wa zambarau mgongoni. Bi harusi wadogo mia mbili na watano, wote pacha. Wageni nao walikuwa wameshaanza kuingia na kukaa. Mpambaji, mwanamke mwenye pini mdomoni, alimwona Kitinda akiinua pindo la kitambaa na akamfikia kwa hatua tatu.

"We binti! Hivyo vitambaa nimevipiga pasi tangu juzi!"

"Natafuta viti vinne, dada."

"Vipo mia mbili hapo, chagua."

"Ni vya nyumbani kwetu. Vimepakiwa kwa bahati mbaya. Cha marehemu mama kimo."

Mpambaji alitoa pini moja mdomoni. "Wewe ni wa Mama Viti?"

"Ndiyo."

"Yule mama alinipa kazi yangu ya kwanza." Alitazama ukumbi, akatazama saa. "Haya, inua kwa adabu. Ukikunja kitambaa, nakukunja na wewe."

Kitinda akaanza safu ya mbele. Akainama, akainua pindo, akachungulia, akashusha. Mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alikusanya miguu yake kwa hofu.

"Binti, unatafuta nini miguuni pangu?"

"Jina, mzee."

"Jina langu limeandikwa kwenye kadi."

"Samahani sana. Keti tu."

Safu ya tatu alimkuta mama mmoja aliyejaa kiti na kubaki. Huyo huwezi kumchungulia. Ni lazima asimame. "Shangazi, naomba usimame kidogo."

"Kwa nini? Bi harusi anaingia?"

Kitinda hakupata nafasi ya kujibu. Shangazi alishasimama, tena kwa kigelegele. Waliokuwa karibu naye wakasimama. Safu ya nyuma ikaona ya mbele imesimama, nayo ikasimama. Na punde ukumbi mzima ulikuwa wima, simu zimeinuliwa juu, mpiga muziki amekurupuka na kuweka wimbo wa kuingilia. Bi harusi hakuwepo. Pale mlangoni alisimama mhudumu na trei ya soda, uso umemshuka, akipigwa picha na watu mia.

"Jamani, bado! Kaeni, bado!" mshereheshaji alilia kwenye kipaza sauti.

Lakini hata harusi haimtupi mja wake. Katika dakika ile moja ya viti vitupu Kitinda alipita kama panya jikoni. Akapata KITINDA chini ya kiti cha shangazi. Akapata MWALIMU safu ya sita. Akapata BOSI karibu na nguzo. Alivivua nguo, akaweka vya akiba vya ukumbi mahali pavyo, akavibeba vitatu kwa mkupuo hadi kwenye korido ya nyuma, akaviweka ukutani, akaegemea pale akihema.

Simu ikaita. Ilikuwa dada yake.

"Kitinda, mdogo wangu, usikasirike."

"Sijakasirika bado. Sema kwanza."

"Wakaguzi wanakuja shuleni Jumatatu. Mkuu ameniambia leo. Hakuna kutoka. Nimejaribu kila namna."

Kitinda alikiinua kimoja kati ya vile vitatu, akakitazama. "Sasa hivi nimekishika kiti chako."

"Kiti gani?"

"Chako. Chenye jina."

"Hee! Bado mnavyo vile viti?"

"Mnavyo," Kitinda alirudia. "Sisi na nani, Mwalimu?"

Upande wa pili kengele ya shule ikalia, ingawa ilikuwa Jumamosi. "Mwisho wa mwezi nitakuja. Mungu akipenda. Umenisikia? Bosi si anakuja? Mtakuwa wawili."

"Tutakuwa wawili," alisema Kitinda. Akakiweka kiti cha MWALIMU chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Wawili si haba, alijipa moyo. Bosi peke yake anajaza sebule kwa sauti. Kilichobaki ni kiti cha Mama, na hicho hakikuhitaji kuchunguliwa chini. Mishono ya waya ingesikika kwa mkono hata juu ya kitambaa. Akarudi ukumbini. Bi harusi alikuwa ameshaingia sasa, wa kweli, na watu walikuwa wametulia wakisikiliza hotuba. Kitinda akapita nyuma ya safu, akitelezesha kiganja kwenye migongo ya viti, na pale ilipobidi, kwenye migongo ya watu. Kijana mmoja aligeuka akitabasamu. "Si wewe," Kitinda alimnong'oneza, "usijipe moyo."

Safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, vidole vyake vilikutana na waya. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

"Panda juu kidogo, mjukuu wangu," ilisema sauti. "Panapowasha ni juu kidogo."

Aliyeketi pale alikuwa bibi mwembamba, mwenye nguo safi zilizofuliwa mara nyingi, mkoba umepakatwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa ameketi upande wake wa kulia wala wa kushoto.

"Samahani, bibi. Nilikuwa natafuta kiti."

"Kaa, viko vingi." Kisha akashusha sauti. "Usiniseme. Mimi sikualikwa. Nakaa ng'ambo ya barabara hapo. Nyumba iko kimya, nikasikia muziki, nikasema nipite tu, nitasimama mlangoni. Nikakuta kiti."

Kitinda alikuwa na maneno yote tayari. Ningeomba hiki, bibi, nitakuletea kingine. Lakini akakumbuka jambo. Kila walipopeleka viti popote, Mama alizidisha kimoja. Wakitaka hamsini, anapeleka hamsini na kimoja, na Kitinda alipouliza ni cha nani, Mama alijibu bila kuinua macho: "Cha asiyealikwa. Yupo kila mahali. Ukimkosea kiti, anarudi alikotoka, na huko alikotoka hakuna mtu."

Akavuta kiti cha jirani, akakaa.

"Waya haukuchomi, bibi?"

"Unachoma kidogo. Ukikaa wima, hauchomi. Ukijiegemeza ndiyo unachoma." Bibi alimtazama. "Kwani unaujua?"

"Ni kiti cha mama yangu."

"Yupo?"

"Kesho mwaka."

"Pole, mwanangu. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sasa hapo. Mtaani kwao Kitinda alikuwa na jibu la kila kitu. Ungemuuliza saa angekuchekesha mpaka ukasahau ulichouliza. Lakini mwaka mzima hakuna aliyemuuliza swali hilo. Wote waliomjua Mama walisema "pole" na kuuliza kama viti bado vinakodishwa. Alikohoa, akaanza na la kuchekesha kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Kikao cha wazazi shuleni kwetu alikuja na pikapu, maturubai yamejaa nyuma. Wenzangu wakasema mama yako amehama nyumba. Mwalimu alipoanza kunisema kwamba naongea sana darasani, Mama akamwambia, 'Mwalimu, samahani, jukwaa lako lina mguu mbovu, litakuangusha.' Akatoa nyundo kwenye mkoba akaligongea palepale. Nikasamehewa."

Bibi alicheka bila sauti, mabega tu.

"Kaka yangu alipohitimu chuo, viti vya sherehe vilikuwa vyetu. Elfu na zaidi, vingine aliviazima kwa washindani. Tulimtafutia kimoja akae mbele kama wazazi wengine. Akakataa, akasema atakaa nyuma aone kama kuna mguu utavunjika. Basi ikafika saa ya kusema, wazazi wa wahitimu wasimame tuwaone." Kitinda alitazama jukwaa la maharusi. "Yeye alikuwa amesimama tayari. Hakuna aliyemwona kwamba amesimama."

Mbele, mshereheshaji alikuwa anafanya watu wacheke. Bibi aliweka kiganja chake kikavu juu ya mkono wa Kitinda, akakiacha hapo mpaka keki ilipokatwa. Kisha akasema imetosha, miguu imekufa ganzi, arudi kwake. Kitinda akamshika mkono, akamvusha barabara mpaka mlangoni. Ndani hakukuwashwa taa wala redio. "Karibu siku nyingine," bibi alisema, kwa namna ya mtu anayesema jambo hilo na hangojei.

Aliporudi, kiti kilikuwa palepale. Kitinda akakivua utepe, akakivua kitambaa, akakigeuza kukibeba. Chini yake, kwa rangi nyekundu iliyochujuka, palikuwa pameandikwa BOSI.

Alikigeuza tena juu. Mishono saba. Akakigeuza chini. BOSI.

Akakibeba mbio hadi korido, akakigeuza kile alichokipata karibu na nguzo. Nacho kilisema BOSI, lakini kwa rangi iliyokolea zaidi, na pembeni ya herufi plastiki ilikuwa imekwaruzwa kwa kisu. Aliyekwaruza hakumaliza kazi. Palibaki mguu wa M, na A moja nzima mwishoni.

Kitinda akaketi sakafuni, kati ya viti, na jioni moja ya miaka kumi na mmoja iliyopita ikamrudia yote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kesho yake Bosi alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo kuendelea na masomo, mtu wa kwanza katika ukoo. Mama alikuwa nje anapakia maturubai. Bosi, kwa furaha, akajirusha nyuma kwenye kiti chake mithili ya waziri, na mgongo wa kiti ukasema kraa. Uso ulimbadilika. Kimoja cha vile ishirini vya kwanza vya Mama! "Kitinda, ukisema nitakuua, na kama ndege itakuwa imeondoka nitakuua kwa barua." Wakakisukuma ukutani, ufa ukaelekea ukutani, wakaenda kulala na roho mkononi. Asubuhi, kiti cha Bosi kilikuwa kizima. Bosi alikipapasa mara mbili, akamnong'oneza mdogo wake, "Kimepona!" Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mama alikuwa anamimina chai hiyo, amesimama. Wiki hiyo ndipo mtandio wa kijani ulipotokea kwenye kiti chake, na hakuna aliyejiuliza.

Mama alimpa Bosi chake, akakibadilisha jina. Akachukua kilichovunjika, akakishona, akaficha mishono. Nacho ndicho alichokikalia miaka kumi, kila jioni, dakika zake chache.

Dakika kumi. Kitinda aliyashika magoti yake. Siku zote walisema ni simu, ni magari, ni wateja.

Breki alivirudisha nyumbani jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Kitinda akavipanga: cha Mwalimu upande wa dirisha, chake karibu na mlango wa jikoni, cha Bosi kukabili mlango mkubwa, cha Mama mahali pake. Akatupia mtandio. Kila kitu kilikuwa kama alivyoahidi. Akapika chai ya watu wawili.

Ndipo Bosi akapiga, na kabla hajasema neno Kitinda akajua, kwa sababu hakukuwa na kelele za uwanja wa ndege. Kulikuwa na mashine ya kuchapisha karatasi, inatema moja moja.

"Mdogo wangu. Kazi imebana. Nilikata tiketi, naapa, nikairudisha leo asubuhi."

"Sawa."

"Sawa? Hakuna maneno? Uko mzima?"

"Bosi, unaukumbuka ule usiku ulipovunja kiti?"

Akacheka, akafurahi kuepushwa. "Hakikuvunjika! Kilipona. Nimewasimulia watu huku mpaka wamechoka: kwetu viti vinapona."

"Hakikupona." Akamweleza. Mtandio, mishono, jina, mahali palipokwaruzwa, M na A. Alieleza polepole, bila kuongeza chumvi, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Mashine upande wa pili iliendelea kutema karatasi. Ilipomaliza, hakuna aliyeweka nyingine.

"Alijua," Bosi alisema.

"Alijua."

"Na hakusema kitu."

"Ulikuwa unasafiri asubuhi. Angesema saa ngapi?"

"Na alikuwa anakaa hapo? Miaka yote hiyo?"

"Ukikaa wima hauchomi. Kuna bibi ameniambia."

Alisikia kaka yake akivuta pumzi puani, mara mbili, kama alivyofanya siku ya mazishi alipokuwa anashika mikono ya watu. "Kitinda. Usimpe mtu akikalie."

"Hakuna wa kumpa, Bosi."

Hilo halikuwa utani, wala halikuwa kisu. Lilikuwa jibu tu. Bosi alilipokea, akakaa nalo.

"Nitakuja," alisema mwishoni.

"Sema siku."

Mtu mmoja alimwita kwa mbali, kwa lugha ya huko. "Nitakupigia," alisema Bosi, na simu ikawa kimya.

Kitinda alimimina chai kwenye vikombe viwili kwa sababu alishavitoa. Kimoja akakiweka mbele ya kiti kinachokabili mlango mkubwa, kile chenye alama ya kisu. Kisha, badala ya kwenda kwenye kiti chake, akauondoa mtandio wa kijani, akaukunja, akaupakata, akakaa kwenye kiti cha Mama. Alikaa wima. Ni kweli, hauchomi. Kutokea pale aliviona viti vyote vitatu kwa pamoja, na cha jikoni, kilichokuwa chake, ndicho kilichokuwa karibu zaidi. Hakuwahi kujua kwamba kutoka pale kilikuwa karibu namna ile.

Chai ikapoa. Saa ya ukutani ilivuka dakika kumi, ikavuka ishirini, na simu haikuita.

Akajiegemeza.